Mwanzo wa filamu ya taharuki: Tuwaulize vijana wa Tarime na Serengeti

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa wilayani Tarime mbele ya walimu, wazazi na vijana wanaojifunza kutengeneza filamu.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama kwa haraka laweza kuonekana dogo mno kuitishiwa mkutano: jinsi ya kutumia maoni ya watazamaji wa rika la shule za sekondari katika kupanga mwanzo wa filamu ya taharuki. Dakika mbili za kwanza, basi. Mzee mmoja aliyenikuta mlangoni asubuhi hii aliniuliza kama kweli nimefunga safari kuja kuzungumzia dakika mbili. Nilimjibu kwamba ndivyo, na kwamba huenda muda niliopewa usitoshe.

Zamani mtu aliyelipa kiingilio alikaa mpaka mwisho hata kama filamu haikumpendeza, maana fedha yake ilikwisha kutoka. Kijana wa leo anatazama katika simu, na kidole chake ki juu ya kioo. Dakika ya kwanza isipomshika, amekwenda zake, wala hatakuandikia barua kukueleza sababu. Kwa hiyo mwenye kutunga filamu ya taharuki hapa kwetu hapana budi ajue mapema ni kitu gani kitakachomfanya kijana wa Sirari au wa Mugumu autulize mkono wake. Na hatajua kwa kukisia, hasa akiwa ni mtu wa umri wangu.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Taharuki si kushtuka. Mwongozaji mashuhuri wa filamu, Alfred Hitchcock, alilieleza jambo hili vizuri katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Alisema: chukua watu wawili wanaoongea mezani, na chini ya meza pana bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde kumi na tano, na hayo yamekwisha. Lakini kama alimwona mtu akilitega, na saa ukutani inaonekana, maongezi yale yale ya kawaida yatamtoa jasho kwa dakika kumi na tano nzima. Twaona basi kwamba taharuki hujengwa na kile anachokijua mtazamaji. Na hapa ndipo ilipo shida yetu, maana sisi tunaotunga hatujui watazamaji wetu wanajua nini. Bomu chini ya meza linamtisha anayelijua bomu. Kijana wa Nyamongo au wa Robanda ana mabomu yake mengine.

Wenzetu wa Marekani, pamoja na fedha zao zote, hawaoni aibu kuuliza. Mwaka 1975, kabla filamu ya Jaws haijatolewa, ilionyeshwa kwa majaribio mbele ya watazamaji wa kawaida. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alisikiliza ni wapi watu walipiga kelele na wapi hawakupiga. Akaona bado pana nafasi ya ukelele mmoja zaidi, akarudi kupiga picha ya nyongeza katika bwawa la kuogelea la mhariri wake, Verna Fields. Mwanzo wenyewe hakuugusa. Ule mwanzo, mliouona mnaukumbuka: msichana anaogelea baharini usiku, kitu kinamvuta chini, na papa haonekani hata kidogo. Hakuna mtazamaji aliyeomba aonyeshwe papa mapema. Au pengine walikuwapo walioomba, na mwenye kazi akajua kutowasikia. Jambo hili nitalirudia.

Sasa turudi kwetu. Kuuliza watazamaji hakukuanza leo katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa sinema ulioendeshwa na Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham. Walitengeneza filamu zipatazo thelathini na tano kwa ajili ya Waafrika, wakazizungusha kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na Kati, na wakakusanya taarifa za jinsi watu walivyozipokea. Ni kazi kubwa, nami siibezi. Lakini walikuwa wameshaamua kabla ya kuuliza kwamba mtazamaji wao ni mtu wa akili polepole. Muulizaji wa namna hiyo hupewa majibu, naye huyasikia yale tu yanayothibitisha alichokuja nacho.

Kipo kisa kingine cha enzi zile za ukoloni, nacho kilikuja kuelezwa katika kitabu cha mwanachuoni wa Kanada, Marshall McLuhan, mwaka 1962. Wataalamu walitengeneza filamu ya kufundisha usafi, wakawaonyesha wanakijiji: bwana afya anatembea polepole, anaondoa maji yaliyotuama, anaokota makopo. Walipomaliza waliwauliza watu wameona nini. Watu wakajibu: tumeona kuku. Wataalamu wakashangaa, maana wao hawakujua kama filamu yao ina kuku. Ikabidi waikague picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku alikatiza pembeni. Wataalamu walihitimisha kwamba Mwafrika hajui kutazama sinema. Mimi kila nikikisoma kisa hiki najiuliza ni nani hasa aliyekuwa hajui kutazama. Mwanakijiji alimwona kuku aliyekuwapo. Waliotengeneza filamu, walioikata na kuiunga kwa mikono yao, hawakumwona.

Naomba mumweke kuku huyo akilini.

Baada ya uhuru wapo waliouliza vizuri zaidi. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, ulitanguliwa na utafiti kwa wasikilizaji wenyewe, na ulipokuwa hewani barua zao zilisomwa. Ndiyo maana yule dereva wa lori, Mkwaju, aliwaingia watu hata jina lake likawa neno la kumwonya mwanamume mwenye tamaa. Na katika vibanda vya video walikuwapo watafsiri kama marehemu na walio hai mnaowajua, wakitanguliwa na Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Hawa walizieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza na kupunguza kufuatana na kicheko au mguno wa watazamaji. Hakuna karatasi wala utafiti, lakini masikio yalikuwa wazi. Vijana wa hapa mpakani mnamjua pia DJ Afro wa Kenya; kazi ni ile ile. Mtu wa kibandani akianza filamu kwa maneno baridi, benchi la nyuma litamwambia papo hapo, tena kwa lugha ambayo sitairudia mbele ya wazazi.

Sasa niwaeleze tulilolifanya sisi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu. Pamoja na vijana wachache waliomaliza shule, wenye simu nzuri kuliko yangu, tulipiga picha za mwanzo wa filamu, dakika mbili tu, ili tuuonyeshe kwa wanafunzi kabla ya kuendelea. Tuliupanga hivi: ni usiku, pikipiki inazimika barabarani, kijana anashuka, nyuma yake linamulika panga, msichana katika boma la karibu anasikia ukelele, giza. Tulijiona tumefanya jambo kubwa.

Onyesho la kwanza lilikuwa katika darasa la shule moja ya sekondari. Mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, alisimama mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipouliza, "Mmeionaje?" darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Nzuri, Mwalimu!" Nikauliza nini kiongezwe. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Damu." Wenzake wakamshangilia. Wasichana hawakusema neno. Nilirudi nyumbani na maoni ambayo ningeweza kuyaandika mwenyewe bila kutoka kitandani.

Tulikaa tukajisahihisha. Mara ya pili tuliomba tuachwe peke yetu na wanafunzi. Wavulana walitazama chumba kimoja na wasichana chumba kingine. Kila mmoja alipewa karatasi, na tuliahidi kwamba hakuna atakayeandika jina. Mmoja wetu alisimama mbele akiipa kioo mgongo, kazi yake ikiwa ni kutazama nyuso tu na kuandika ni wakati gani macho yanahama. Tukabadilisha na maswali. Hatukuuliza tena kama wameipenda. Tuliuliza kwanza: umeona nini? Kisha: unadhani nini kitafuata? Kisha: wewe mwenyewe, ni kitu gani cha usiku kinachokutisha?

Karatasi zile nimezisoma mara nyingi. Nitawatajia chache, kwa maana waandishi wake hawajulikani hata kwangu.

Mmoja aliandika: "Mwalimu, kwa nini mwenye panga lazima atoke kwetu?" Swali hili lilinichoma. Mnajua jinsi tunavyosemwa huko nje. Mkurya akitajwa katika mzaha wa basi au wa redio, panga halikosekani. Sisi tuliozaliwa hapa, tulipopata nafasi ya kupiga picha zetu wenyewe kwa mara ya kwanza, tulikimbilia panga lile lile tulilopakwa na wengine. Na yule kijana aliyeomba damu hakuwa akisema anachokiogopa. Alikuwa akirudisha alichokiona katika filamu za wengine, kama mtu anayerudisha chenji. Ndugu zangu, hatari ya kwanza ya kuwauliza vijana ni hiyo: swali la juujuu hukurudishia picha ya kigeni, ukadhani ni sauti ya nyumbani.

Karatasi nyingine ilitoka chumba cha wasichana. Niliisoma, nikampa mwenzangu, tukarudi kuwasha simu. Iliandikwa: "Nilipoona akina mama wanapika usiku na shangazi amekuja na mzigo nilijua ni Desemba. Mwenye panga sikumwogopa."

Hatukuwa na shangazi katika filamu yetu. Hatukuwa na Desemba. Tulichokuwa nacho ni uhaba wa taa. Kwa kuwa hatukuwa na mwanga, tuliwaomba akina mama wa jirani wapikie nje ili moto umulike boma, na mmoja wao, alipochoka kutungoja, alichukua furushi lake la kanga akakatiza nyuma kwenda zake nyumbani. Tulihesabu: anaonekana kwa sekunde tatu. Huyo ndiye alikuwa kuku wetu.

Waliotoka mbali na hapa huenda wasielewe, kwa hiyo niseme wazi. Katika baadhi ya koo zetu mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, huweza kuwa msimu wa kukeketa wasichana, pale wazee wa ukoo wanapouruhusu mwaka huo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imelikataza jambo hilo kwa kila msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba, wakati nchini kote ni mwanamke mmoja katika kumi aliyekeketwa, katika Mkoa wa Mara alikuwa karibu mmoja katika watatu. Wasichana hukimbia usiku. Huko Masanga hapa Tarime, na kule Mugumu, zipo nyumba zinazowapokea. Filamu ya kweli ya mwaka 2018 ya Giselle Portenier wa Kanada, iitwayo In the Name of Your Daughter, iliwafuata wasichana hao na kazi ya Ndugu Rhobi Samwelly anayewahifadhi.

Basi tazameni tulivyokuwa. Mbele ya kamera tuliweka panga ili tutishe. Nyuma ya kamera, bila kujua, tuliweka moto, sufuria na shangazi mwenye furushi, na hapo ndipo ulipokuwapo woga wenyewe. Msichana wa miaka kumi na minne aliuona kwa sekunde tatu. Sisi wazima, tulioishi na jambo hilo maisha yetu yote, hatukuuona katika picha tulizozipiga wenyewe.

Baadaye tulivuka Mto Mara kwenda upande wa Serengeti na dakika zile zile mbili. Nitasema jambo moja kwanza. Ardhi ile imepigwa picha za filamu kwa zaidi ya miaka sitini. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefia pale katika ajali ya ndege Januari 1959, walitengeneza filamu iliyopata tuzo ya Oscar, na tangu hapo kamera hazijaondoka. Lakini mtazamaji aliyekusudiwa alikuwa Frankfurt au London. Kijana wa Nata na wa Isenye alikuwa ng'ambo ya picha. Ndiyo maana vijana wa huko walipoambiwa kwamba maoni yao yatabadili filamu, walidhani tunatania.

Walituambia usiku wetu ni wa uongo. Una mwanga mno na una kelele mno. Wavulana wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi hulala mashambani wakilinda mahindi, na mmoja aliandika hivi: "Tembo akija humsikii. Unasikia mhindi umevunjika, basi yuko karibu." Mwingine aliandika kwamba kinachomtisha ni tochi moja ya mbali, kwa sababu hujui kama ni jirani, ni askari wa wanyamapori au ni mwizi wa ng'ombe, na kila mmoja kati ya hao unatakiwa kumkabili kwa namna yake. Mimi nimefundisha ushairi kwa miaka mingi, na sijapata kueleza taharuki kwa usahihi kama ule wa tochi.

Tuliandika mwanzo wa pili. Tukaondoa pikipiki na panga, tukabaki na msichana, moto na tochi. Lakini hapa tukafanya kosa jipya. Kwa kuwa jambo lilikuwa zito, tuliona yafaa tuanze na maandishi yanayoitaja ile sheria ya mwaka 1998. Jibu likaja haraka katika karatasi moja: "Mwanzo huu ni wa semina. Najua mwisho." Yule aliyekuwa akitazama nyuso alithibitisha kwamba macho yalihama pale pale maandishi yalipotokea. Nilikasirika kidogo, nakiri. Mtu anapohangaikia usalama wa watoto hapendi kuambiwa anachosha. Lakini kijana huyo hakuikataa sheria. Alikataa kuambiwa mwisho kabla ya mwanzo, na katika filamu ya taharuki hiyo ni haki yake. Maandishi tuliyaondoa.

Ndipo ikaja karatasi ya mbwa. Aliyeiandika alisema anafuga mbwa wawili, hilo ndilo tunalolijua juu yake. Tulikuwa tumepanga kwamba tochi ikikaribia, mbwa wa boma abweke kwa nguvu. Yeye akaandika: "Mbwa asibweke. Akibweka ni mgeni, tutajua ni mwizi. Asipobweka ni mtu wa nyumbani."

Wasomaji wa hadithi za upelelezi mtatabasamu, kwa maana Mwingereza Conan Doyle alilitumia jambo hilo katika kisa cha Sherlock Holmes cha mwaka 1892. Sidhani kama kijana huyu amekisoma. Anawajua mbwa wake.

Sasa mwanzo wetu uko hivi. Msichana anaosha vyombo nje usiku. Mbali mlimani inaonekana tochi moja. Anapuliza koroboi. Tochi inapotea nyuma ya mahindi. Mbwa anainuka, anasimamisha masikio, kisha anatikisa mkia na kulala tena. Msichana anamtazama mbwa. Basi. Hakuna damu, hakuna ukelele, na shangazi hayupo. Tulipouliza nini kitafuata, wengine walisema ni kaka yake, wengine ni mjomba, wengine ni baba amerudi kutoka Sirari na zawadi, na mmoja akasema ni mchumba. Wakabishana hata kengele ilipolia wakaendelea kubishana njiani. Tumejifunza kulipima swali hilo kwa namna rahisi: wote wakitoa jibu moja, taharuki imekufa; wasipokuwa na jibu lolote, wamepotea; wakigombana, umewapata. Wasichana, katika chumba chao, hawakugombana sana. Waliandika kwa kirefu.

Najua lipo pingamizi, tena limetolewa na mwalimu ninayemheshimu. Anasema kazi ya sanaa haiamuliwi kwa wingi wa mikono. Nakubaliana naye. Mwaka 1987 filamu ya Kimarekani iitwayo Fatal Attraction ilibadilishiwa mwisho baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa ule wa kwanza. Ilipata fedha nyingi, na hadi leo wapo wanaosema kwamba mwisho uliotupwa ndio uliokuwa wa kweli. Kwetu sisi, kama tungepiga kura, damu ingeshinda. Mbwa alipata karatasi moja tu. Maoni ya vijana tunayapima uzito, hatuyahesabu, na mwenye kupima ni mtunzi, naye ndiye atakayelaumiwa akikosea.

Liko jambo moja zaidi ambalo halina mzaha, nami nataka walimu mlisikie. Ukimuuliza kijana anaogopa nini, huenda akakujibu. Sisi hatukumtaka mtu yeyote asimulie yaliyompata yeye, na hata hivyo Desemba ilijitokeza. Msiulize swali hilo darasani kama hamjazungumza kwanza na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Mkigundua kuna mtoto aliye hatarini, filamu isimame siku hiyo hiyo. Msimchukue msichana aliyekimbia mkamfanya aigize kukimbia kwake. Msitumie maneno ya karatasi yake kwa namna ambayo mama yake, akiona filamu, atamtambua. Kwa sababu hiyo shangazi na furushi lake tuliwaondoa, ingawa ndiyo picha iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Vijana wangu walinung'unika. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, umetupa dhahabu." Huenda ni kweli.

Yule aliyeandika juu ya Desemba hatumjui, na hatuwezi kumjua, kwa kuwa tuliahidi karatasi zisiwe na majina. Nimefikiri sana juu ya ahadi hiyo. Kuivunja hatuwezi, na kukaa kimya hatukukaa: tulimweleza mwalimu wa malezi wa shule ile kwamba katika darasa lake yupo mwenye hofu hiyo, bila kuonyesha karatasi, naye amezungumza na wasichana wote pamoja, na namba ya dawati imebandikwa ndani ya mlango wa bweni.

Mwanzo mpya utaonyeshwa katika shule ile ile kabla ya shule kufungwa. Tutatumia vyumba viwili kama kawaida. Ndugu Walimu mnaotaka kuja kutazama mnakaribishwa, lakini mtatusamehe, mtakaa nje mpaka karatasi zikusanywe.